Ukuni wa Njia ya Kisimani

Masikio yapo?

Yapo.

Mikono ipo?

Ipo.

Basi masikio nipeni mimi, mikono yapeni mahindi. Kila mmoja avute kikapu chake apukuchue. Kwangu hakuna hadithi ya kukaa bure. Mbaruku, wewe unatafuna, hupukuchui, nimekuona.

Niwape?

Tupe.

Mtabeba?

Tutabeba.

Hapo zamani za kale, zamani sana, wakati wanyama wakipika na kualikana, palikuwa na bonde likiitwa Mtungujani. Bonde zima lilikuwa na kisima kimoja. Mvua ikinyesha, kila mtu hunywa pale alipo. Kiangazi kikiingia, wote hukimbilia kisima hicho.

Mwanzoni walikuwa wakikipigania. Pembe kwa pembe, meno kwa meno, kiangazi hata kiangazi, wakazikana mpaka wakachoka kuzikana. Ndipo Bi Kanga, mwenye kichwa kidogo na ulimi mkali, akawaambia, "Kama lazima tushindane, basi tupike."

Walimcheka. Lakini walipika. Tangu mwaka ule, kila kiangazi kikianza, wapishi walishindana Ijumaa tatu mfululizo na bonde zima likaja kula. Bi Kanga akawa hakimu, maana hakuwa na haya ya kumwambia mtu chakula chake kibaya. Na watu waliokuwa hawasalimiani wakajikuta wanachovya chungu kimoja. Mtu mliyelambiana vidole mbele ya sufuria, kumpiga pembe kesho yake ni kazi.

Sheria zao zilikuwa tatu. Ya kwanza, chungu kimoja mpishi mmoja. Ya pili, chakula huhukumiwa kikiliwa na watu. Kisichoguswa na watu hakihukumiwi. Ya tatu ilikuwa ya wageni. Mgeni akitaka kisima, ashindane na mpishi bingwa. Akimshinda hata mara moja katika zile Ijumaa tatu, basi ni mwenyeji. Akishindwa zote tatu, achukue kibuyu chake aende zake. Na kabla ya hukumu, mgeni huteka kibuyu kimoja tu kwa siku.

Hizo ndizo sheria. Lakini palikuwa na jambo lingine ambalo halikuwa sheria, lilikuwa adabu tu. Katika bonde la Mtungujani, mtu hapiti penye moto wa mwenzake bila kusukuma ukuni. Ukuni ukiwaka huishia mafigani, kipande kilichobaki kinakaa nje. Basi wewe mpita njia unainama, unausukuma ndani kidogo, unakwenda zako. Husemi kitu wala huombwi. Hata watoto walifanya hivyo, na kwa kuwa kila mtu alifanya, hakuna aliyewahi kufikiri kwamba jambo hilo linahitaji kuelezwa.

Mko nami?

Tuko.

Sasa mwaka huo alikuja mgeni. Alikuwa Nungunungu, mjane, na watoto wake wawili. Kwao moto wa porini ulikuwa umeteketeza kila kitu. Walitembea siku nyingi, na yule mdogo alikuwa ameanza kukohoa kwa kiu. Kibuyu kimoja kwa siku kwa watu watatu, hebu pigeni picha. Mama alikuwa analowesha midomo tu, maji anawaachia watoto.

Nungunungu akaenda kwa Bi Kanga akasema, "Mimi nitapika."

"Bingwa wetu ni Ngedere," Bi Kanga akamwambia. "Hajashindwa miaka sita."

"Sikuuliza ameshindwa mara ngapi. Nimesema nitapika."

Ngedere mwenyewe alikuwa amekaa juu ya tawi akisikiliza. Alikuwa fundi kweli, tusimwonee. Ndizi zake za karanga zilikuwa zinaita watu kutoka ng'ambo ya bonde. Lakini sifa zilikuwa zimemwingia kichwani. Kila alipopita alipenda kusikia watu wakisema, huyo ndiye. Akashuka mtini kwa heshima zote.

"Karibu, mama. Mgeni apewe mahali pazuri. Weka jiko lako pale njiani, karibu na kisima, usihangaike na maji. Mimi nitajibanza kule nyuma ya kichaka."

Nungunungu akamshukuru. Laiti angejua. Hakuna mwenyeji aliyewahi kuweka jiko kwenye njia ya kisimani, maana wanaopita pale ni wengi mno, na kila apitaye ana mkono.

Ijumaa ya kwanza ikafika. Nungunungu akapanga mafiga yake njiani, akainjika boga la kupondea na karanga. Boga hutaka moto wa taratibu, nyinyi mnajua. Akaacha ukuni mmoja unafuka, akageuka kutwanga karanga zake.

Akapita Pofu kwenda kisimani, akasukuma ukuni. Akapita Nyumbu, akasukuma ukuni. Akapita Ngiri na wanawe sita, na wote sita walikuwa wamelelewa vizuri. Wakasukuma.

Nungunungu aliponusa na kugeuka, moto ulikuwa umefika shingoni mwa chungu, na boga lilikuwa limeshika chini kama lami.

Bi Kanga akaonja. Akatema. "Boga hili limeungua mpaka roho," akasema. Akaenda kula ndizi za Ngedere.

Mara ya kwanza hiyo.

Nungunungu akarudi kwa watoto wake amenuna. Akasema, "Kuna mtu amechochea moto wangu. Mimi si mtoto, najua moto niliouacha. Ijumaa ijayo hakuna mkono utakaokaribia jiko langu."

Watoto wakamuuliza, "Tukishindwa tena, mama?"

"Tutapika tena," akasema. Akawapa maji yaliyobaki.

Ijumaa ya pili akapika choroko. Safari hii hakutwanga chochote, kila kitu alikwisha kukitayarisha mapema. Akasimama mbele ya jiko lake, miiba yote juu, akazunguka mafiga yake kama askari.

Akaja Pofu, akainama. "Ondoa mkono wako," Nungunungu akamwambia. Pofu akarudi nyuma, ameshangaa.

Akaja Ngiri na wanawe. "Ondoeni mikono yenu." Watoto wa Ngiri wakajificha nyuma ya mama yao.

Akaja Digidigi, mama mmoja mpole ambaye husema kwa sauti ya chini. Yeye hakusikia kufukuzwa, alikuwa amekwisha kuinama. Nungunungu akageuka kwa kishindo, na mwiba mmoja ukabaki puani mwa Digidigi.

Choroko zikaiva. Ziliiva vizuri, Kidawa, vizuri kuliko za mama yako, na mama yako najua anapika. Zilikuwa laini, mchuzi mzito, harufu imejaa njia nzima. Nungunungu akaipua chungu akawaita watu.

Hakuja mtu.

Walisimama kwa mbali, wanameza mate. Pofu alitazama pembeni. Ngiri aliwashika wanawe mikono. Bi Kanga akasubiri, akasubiri, mwisho akasema, "Chakula kisichoguswa na watu siwezi kukihukumu. Ushindi ni wa Ngedere."

Mara ya pili hiyo.

Siku ile Nungunungu alilia. Alikaa mbele ya chungu kilichojaa na akalia kwa uchungu, maana boga la kwanza liliharibiwa na moto, lakini choroko hizi hakuona zina kosa gani. Watoto wake walikula mpaka wakachoka, na bado chungu kilikuwa kimejaa.

Akiwa pale, akatokea Digidigi, pua imevimba. Akasema kwa sauti yake ile ya chini, "Dada, naomba unitoe mwiba wako. Wengine wanaogopa kuushika."

Nungunungu akaona aibu. Akamkalisha, akautoa taratibu. Halafu akauliza, "Mbona ulitaka kuniharibia chakula changu?"

"Kukuharibia?" Digidigi akashangaa. "Nilikuwa nakusalimu."

"Kwa kuchochea moto wangu?"

"Kwetu ndivyo tunavyosalimu, dada. Ukipita kwenye moto wa mtu bila kusukuma ukuni, umemwambia kwamba kufa kwake na kupona kwake kwako ni sawa. Na mtu akikufukuza mkono kwenye moto wake, amekwambia hivyo hivyo. Watu hawakukataa choroko zako. Walidhani wewe umewakataa wao."

Nungunungu akakumbuka boga. Akakumbuka watoto sita wa Ngiri, namna walivyojificha.

"Na Ngedere anajua haya?"

"Amezaliwa hapa," Digidigi akasema. "Ndiyo maana amepika kichakani."

Basi Nungunungu akachukua bakuli akampakulia Digidigi choroko, wakala pamoja. Watu watano sita waliokuwa mbali wakaona. Lakini hukumu ilikuwa imekwisha kupita, na Ijumaa iliyobaki ilikuwa moja.

Juma lile maji yalipungua. Kibuyu cha mgeni kikawa kinajazwa nusu. Yule mtoto mdogo akawa anakohoa mfululizo. Nungunungu angeweza kufunga mzigo wake akaondoka mapema, akatafute bonde lingine, lakini hakuondoka. Alizunguka majumbani kwa watu, akaomba radhi kwa Pofu, akaomba radhi kwa Ngiri na kwa wanawe mmoja mmoja. Na kila nyumba aliuliza swali moja: mahindi gani hapa ni magumu kuliko yote?

Wakampa mahindi ya msimu wa nyuma, yaliyokauka mpaka yanagonga kama kokoto. Wakampa na kunde kavu za namna hiyo hiyo. Walikuwa wanamhurumia.

Ijumaa ya tatu, alfajiri, Ngedere akamkuta anapanga mafiga pale pale njiani.

"Mama, hukuhama?" Akazuia kicheko.

"Mahali pazuri hivi, nihame niende wapi?"

"Na leo unapika nini?"

"Makande."

Ngedere akatazama yale mahindi. Akayachukua mawili matatu, akayatafuna, jino likamuuma. Akaenda kichakani kwake anacheka mpaka analia. Makande yale yalitaka moto mkali kutwa nzima, na kuni za mgeni zilikuwa gogo moja. Yalitaka na maji mengi, na mgeni alikuwa na kibuyu kimoja, tena nusu.

Nungunungu akalaza gogo lake refu, ncha moja mafigani, nyingine katikati ya njia kabisa. Akainjika chungu. Akakaa pembeni, miiba imelala, akaimba:

Anayekwenda, sukuma ukuni,
anayerudi, nitilie maji,
mahindi magumu, mahindi ya jana,
yataiva, yataiva.

Hebu nisaidieni.

Yataiva, yataiva.

Akaja Pofu kwenda kisimani. Akasita. Nungunungu akasema, "Karibu, kaka, moto ni wako." Pofu akainama, akasukuma gogo kwa nguvu zake zote. Moto ukavuma. Aliporudi na maji yake, akatia kata moja chunguni.

Akaja Ngiri na wanawe sita. Wakasukuma, mmoja baada ya mwingine, na waliporudi wakatia maji, mmoja baada ya mwingine, na yule wa mwisho akamwaga mengine miguuni kwake.

Anayekwenda, sukuma ukuni.

Yataiva, yataiva.

Jua likapanda. Nungunungu akabonyeza punje moja kwa ukucha, bado ngumu. Akaimba. Jua likafika utosini. Akabonyeza, bado. Sauti ikaanza kumkauka, akaimba hivyo hivyo. Watu waliokwisha kuteka maji walikuwa wanatafuta sababu ya kurudi kisimani. Nyumbu alikwenda mara tano, na sijui kiu gani ile.

Sasa Ngedere kule kichakani alisikia ule wimbo. Akatoka akachungulia, akaona watu wanajaa njiani. Akawaza, hawa wamsukumie kuni nyingi zaidi, waunguze kila kitu. Akawa anatoka kichakani kuwahimiza watu. "Nendeni mkamsalimu mgeni," akawaambia Swala. Akarudi. Akatoka tena. "Nendeni mkamsalimu mgeni," akawaambia Nyani. Akarudi. Akatoka mara ya tatu, akaenda mpaka kwa Punda Milia, mbali kabisa, kwenye kingo za bonde.

Na mara ya tatu ile, ukuni wake yeye uliungua ukaishia mafigani, kipande kikabaki nje. Hakupita mtu kichakani kuusukuma. Moto ukashuka.

Alasiri, Nungunungu akabonyeza punje kwa ukucha, ukucha ukazama. Akafumba macho kidogo. Kisha akaondoka kwenda kuchuma majani ya mgomba ya kupakulia, na mgomba wa karibu ulikuwa nyuma ya kichaka cha Ngedere.

Akafika. Akaona chungu cha ndizi kimekaa juu ya majivu. Moto ulikuwa umebaki kijicho chekundu kimoja tu. Ndizi bado ngumu katikati. Ngedere hayupo.

Akasimama.

Akamfikiria mtoto wake anayekohoa. Akafikiri, mimi si mwenyeji bado, adabu yao hainihusu. Akafikiri, sikuuzima mimi, nikipita tu sijafanya kosa lolote. Hakuna aliyemwona. Na nyinyi mngekuwa pale mngefanya nini? Msinijibu haraka. Pukuchueni.

Nungunungu alichukua majani yake, akapiga hatua tatu. Halafu akarudi. Akapiga magoti, akausukuma ukuni ndani, akapuliza mpaka ukashika. "Kama nataka kukaa hapa," akajiambia, "nianze kukaa leo." Akaenda zake.

Ngedere aliporudi mbio, anahema, akakuta ndizi zinatokota. Akashusha pumzi. Akadhani bahati yake ndiyo hiyo ya siku zote.

Watu wakakusanyika. Bonde zima, hata Punda Milia wa kingoni. Bi Kanga akaonja makande, akafumba macho, akaonja tena. Kabla hajasema, Ngedere akanyanyuka.

"Hakimu, chungu hiki hakifai kuhukumiwa. Sheria inasema chungu kimoja mpishi mmoja. Hiki kimepikwa na bonde zima. Huyu alikuwa anaimba tu."

Watu wakanong'ona. Ilikuwa kweli. Pofu alisukuma, Ngiri alitia maji, wote walikuwa na mkono pale.

"Na chungu chako wewe?" Bi Kanga akauliza.

"Changu nimepika mimi peke yangu. Hapakupita mtu."

Bi Kanga aliinuka ili ajionee mwenyewe, akaenda na hatua zake fupi mpaka nyuma ya kichaka, watu wote nyuma yake. Akainama penye mafiga ya Ngedere. Akaokota kitu kando ya ukuni, akakiinua juu.

Ulikuwa mwiba. Mwiba mrefu, mweupe na mweusi.

Bi Kanga akamtazama Nungunungu. "Huu ni wako?"

"Ni wangu."

"Ulifuata nini huku?"

"Nilikuwa napita," Nungunungu akasema. "Ukuni ulikuwa umetoka nje."

Ngedere akatazama ule mwiba, akatazama ukuni, akatazama ndizi zake. Akakumbuka alivyokwenda mara tatu. Uso ukamshuka mpaka kifuani. Akakaa chini pale pale kwenye majivu.

Bi Kanga akasema, "Kama mkono wa mpita njia unaharibu chungu, basi leo sina chungu hata kimoja cha kuhukumu, wala sijawahi kuwa nacho miaka yote. Na kama hauharibu, tukale."

Wakala. Ndizi zilikuwa tamu, na watu walisema hivyo. Lakini makande yalikwisha mpaka ukoko, na watoto wa Ngiri waligombea upawa. Kila aliyekula alionyesha punje akasema, hizi ni zile nilizotilia maji mimi. Hukumu ilikuwa nyepesi: Nungunungu akawa mwenyeji.

Ngedere ndiye aliyemjazia Nungunungu kibuyu. Alikwenda kisimani mwenyewe, akakileta kimejaa mpaka kinamwagika, akampa yule mtoto mdogo mkononi. Mtoto akanywa bila kuacha, na mama yake akanywa baada yake, kwa mara ya kwanza, mpaka kiu ikakata. Na mwaka uliofuata Ngedere aliweka jiko lake njiani.

Basi jamani, funzo langu ni hili. Kushindana si ubaya. Shindaneni mpike mpaka jasho liwatoke, mtu asimwonee mwenzake haya. Lakini moto wa mwenzio usiuache ukazimika eti kwa sababu mnashindana, maana chakula chake nawe utakila. Na ukikuta mgeni hajui adabu ya kwenu, mweleze. Hakuzaliwa nayo.

Hadithi nimeiinjika.

Imeiva.

Nimeiipua.

Tumeshiba.

Ukoko ni wa nani?

Wa mpishi.

Haya, vikapu vimejaa, nani aliona vikijaa? Kidawa, peleka mahindi hayo jikoni kwangu. Na ukipita pale, mwanangu, unajua la kufanya.